Safu ya Mengineyo

Saa kumi na mbili kasoro nafungua lango la mabwawa ya Swaswa.
Harufu hunisalimu kwanza, kisha upepo,
kisha Chitema wa zamu ya usiku, anayeondoka bila kugeuka,
koti limejaa vumbi kama gunia la uwele.

Daftari lina safu nne:
kina, rangi, harufu, mengineyo.
Kina: mita moja na nusu.
Rangi: kijani.
Harufu: ipo.
Mengineyo: vitwitwi kumi na mmoja.

Ndege wa pwani hawa. Miguu imechongwa
kwa ajili ya mchanga na chumvi,
na bahari, kutoka hapa, ni usiku mzima ndani ya basi.
Lakini kila mwezi wa tisa,
mbuzi wa Mkonze wakiwa wanatafuna maboksi,
mvua ikiwa bado ni neno tu la redioni,
wanashuka kwenye ukingo wa zege wa bwawa la tatu
wakitikisa mikia
kana kwamba kuna ngoma chini ya tope
wanayoisikia wao peke yao.
Mbukwenyi, nawaambia. Karibuni majitaka.

Walikotoka maziwa yameanza kuganda.
Jina la nchi silijui, Sechelela ndiye aliyelijua.
Alikuwa mpima maji, na chupa zake ndogo
na darubini ya mjomba wake, kioo kimoja kimepasuka,
kwa hiyo tuliazimana jicho.
Anza na aliye pembeni, alinifundisha,
wa katikati wanahamahama, watakudanganya.

Mwaka ule mji ulikuwa unapokea wahamiaji wengine:
malori ya mafaili kutoka Dar,
maofisa wenye leso puani
wakiulizia samaki, wakiulizia posho.
"Na hawa nao wamehamia makao makuu," akasema,
akiwanyooshea kidole,
"wala hawajadai nauli."
Tukacheka mpaka wakaruka wote.
Tukaanza kuhesabu upya.

Injinia Mwaluko alipolikagua daftari
alipiga mstari mwekundu juu ya vitwitwi wangu.
"Mengineyo ni dharura. Pampu. Nyoka. Mtoto akitumbukia."
Nikasema ndiyo, mkuu.
Kesho yake nikaandika:
Dharura. Kumi na wanne. Mmoja ana mguu mmoja.

Hakujibu.
Ila Ijumaa nilimkuta ukingoni, suruali ameikunja,
kiganja juu ya nyusi,
akitafuta kitu ambacho hakukitaja.

Sechelela wamempeleka Tanga.
Darubini ameniachia; jicho lililopasuka sasa ni langu pia.
Jana alipiga simu.
"Huku maji yakipwa wanashuka maelfu," akasema.
"Nilijaribu siku mbili, nikaacha. Ni kama kuhesabu mvua.
Kwenu wako wangapi?"

Upepo wa saa nne ulikuwa umeanza,
ule unaobeba mifuko ya nailoni mpaka kwenye miiba
na kuifanya ipige mbawa.
"Tisa," nikasema.
"Nitajie."

Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu,
nimesimama juu ya yote ambayo jiji limeyaaga chooni,
nikamtajia:
yule anayeogopa kivuli chake,
wawili wasioachana,
mwenye doa begani kama tone la wino,
mchokozi, anayemfukuza kila mtu kwenye bomba,
yule mdogo...

"Na wa mguu mmoja?"

Niligeuza jicho zima kwenye bwawa la tatu,
la nne, kisha lile lililokauka.
Simuni bahari yake ilikuwa inavuta pumzi,
inashusha.

"Leo ni tarehe ngapi?" nikamuuliza,
ingawa nilikuwa nimeiandika mwenyewe asubuhi,
juu kabisa ya ukurasa,
kwa kalamu ile ile.